Ule kule ni mlima gani? Programu za simu za kutambua vilele na majengo zikilinganishwa

Kuna swali ambalo halikosekani kila watu wanapofika mahali palipoinuka na hewa ikiwa safi: "Ule wa nyuma kabisa, wenye kichwa kama jino, ni mlima gani?" Mwenye simu huitoa mfukoni, akainyanyua, akageuka nayo nusu duara kama mtu anayetafuta mtandao, kisha akatamka jina kwa sauti ya mtu aliyezaliwa chini ya mlima huo. Wenzake wanatikisa vichwa. Hakuna anayebisha, maana simu imesema.

Mimi nimewahi kuwa mwenye simu huyo. Niliwatajia wenzangu safu nzima, kilele baada ya kilele, jina na urefu wake, nikajiona mwalimu. Jioni tulipoitandaza ramani ya karatasi mezani ikabainika kwamba karibu kila jina nililolitaja lilikuwa la jirani yake wa kushoto. Safu yote ilikuwa imesogea. Programu yenyewe haikuwa na hatia, ramani iliyomo ilikuwa sahihi. Kilichotuponza ni kava langu la simu, lile la kujifunga kwa sumaku. Tangu siku hiyo ninapozilinganisha programu hizi sianzi na wingi wa majina yaliyomo. Naanza na kuuliza: ikikosea nitajuaje, na nitairekebishaje papo hapo?

Koo mbili zisizofanana

Ukizitazama kwa nje, zote ni mamoja: unainua simu, unaelekeza kamera, unasubiri jina. Ndani ni za koo mbili zisizojuana.

Ukoo wa kwanza hautazami hata kidogo kile ambacho kamera inakiona. PeakFinder na PeakVisor ndizo zinazojulikana zaidi humo. Zinataka kujua mambo matatu tu: umesimama wapi, ambalo hulipata kwa satelaiti za GPS, simu imeelekea upande gani, ambalo hulipata kwa dira iliyomo ndani ya simu, na simu imeinama kiasi gani. Kisha huchukua takwimu za mwinuko wa ardhi, zikapiga hesabu ya kile ambacho mtu aliyesimama hapo anapaswa kukiona, zikachora mistari ya milima na kupachika majina juu yake. Picha ya kamera ni pazia la nyuma. Ukitaka kuhakikisha, ziba kamera kwa kidole: picha itageuka giza, majina yatabaki palepale.

Ukoo wa pili hufanya kinyume chake. Huo hutazama picha yenyewe na kuifananisha na picha nyingi ambazo tayari zinajulikana ni za nini. Google Lens, iliyotoka mwaka 2017, ni wa ukoo huu. Vilevile kipengele cha iPhone cha kutambua vitu vilivyomo pichani, kilichokuja na iOS 15 mwaka 2021. Hakuna haja ya dira, na mara nyingine hakuna haja hata ya kuwepo mahali hapo. Kinachohitajika ni kwamba kitu unachokitazama kiwe kimeshapigwa picha na watu wengi, kutoka upande unaokaribiana na wako.

Kwa watu wengi uamuzi unaishia hapa. Kama shida yako ni milima, chukua ukoo wa kwanza. Kama ni minara, madaraja, sanamu na majengo ya mjini, chukua wa pili. Mlima hubadilika sura kila unapouzunguka: huku ni piramidi, kule ni mgongo mrefu kama wa ngamia, na theluji ikiyeyuka au jua likihamia upande wa pili hata mwenyeji husita kuutaja. Jengo nalo lina madirisha, nguzo na rangi, yaani alama za kutosha kujitofautisha na jengo jingine. Lakini ikiwa unataka kujua kwa nini programu ya milima hukosea, na ipi hukosea kwa namna inayorekebishika, twende taratibu kidogo.

Mchoro wa milima unatoka wapi

Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada ya kupima mwinuko wa nchi kavu. Kazi hiyo, iitwayo SRTM kwa kifupi, ilipima eneo lote lililo kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini, takriban asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia. Kwa miaka mingi takwimu za maeneo ya nje ya Marekani zilizotolewa kwa umma zilikuwa za vipande vya mita 90. Kuanzia mwaka 2014 zikaanza kutolewa zile za mita 30. Programu nyingi za milima zisingekuwepo bila hazina ya aina hii.

Mita 30 maana yake ni kwamba ardhi imekatwa vipande vya mraba, kila kimoja kina upana wa mita 30 na kimepewa mwinuko mmoja. Kwa mlima mkubwa uliolala kilomita 60 kutoka ulipo, hiyo ni zaidi ya kutosha. Kwa mwamba mwembamba uliosimama kama sindano, ncha yake huliwa: kwenye mchoro unaonekana butu, au umezama kabisa kwenye bega la mlima mkubwa ulio nyuma yake. Pia rada ikimulika kwa mshazari hushindwa kuona ndani ya mabonde yenye kuta kali, kama vile tochi inavyoshindwa kumulika nyuma ya ukuta, na mapengo hayo ilibidi yazibwe kwa takwimu za vyanzo vingine. Kwa hiyo usishangae mchoro ukiwa safi kwenye vilima vya mviringo na ukababaika kidogo kwenye miamba mikali, penye mandhari ya kukufanya utoe simu.

Majina nayo ni hadithi nyingine. Mengi hutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo hujazwa na watu wa kujitolea. Mahali penye wapanda milima wengi kila kichuguu kina jina. Mahali pasipo na wachoraji, mlima wa mita 2,000 unaweza kukaa uchi, bila jina. Na jina litakaloonekana huenda lisiwe lile wanalolitumia watu wa upande ulikosimama. Matterhorn ukiutazama kutoka Italia unaitwa Cervino. Everest ni Sagarmatha kwa Wanepali na Chomolungma kwa Watibeti. Kabla ya kusema programu imekosea, angalia kama haijakupa jina la upande wa pili wa mpaka.

Dira ndiyo inayoponza

Hapa nitakawia, kwa sababu maoni mengi ya "programu hii ni takataka" ukiyachunguza unakuta mkosaji ni dira ya simu.

GPS ikikosea mita 10 huku unatazama mlima ulio kilomita 50, kosa hilo halionekani kwa macho. Dira ikikosea digrii 1 tu kwa umbali huohuo, jina linahama mita 870 hivi kuelekea kushoto au kulia. Na digrii 1 ni ndoto. Dira ya simu ikiwa karibu na chuma hukosea digrii 10 bila aibu. Kwa mlima ulio kilomita 40, hizo ni kilomita 7. Jina limeshatua juu ya mlima wa watu wengine.

Vinavyoivuruga ni vitu vya kawaida kabisa: gari uliloliegemea, vizuizi vya chuma vya kwenye jukwaa la watazamaji, nondo zilizofichwa ndani ya zege, kishikio cha simu chenye sumaku, kava kama langu. Dawa zinajulikana. Vua kava. Sogea hatua kadhaa kutoka kwenye chuma. Izungushe simu hewani kwa umbo la nane mara tatu nne ili dira ijirekebishe. Ukishafanya yote hayo dira itakuwa nzuri zaidi, ila haitakuwa kamilifu, na ndiyo maana kigezo changu cha kwanza cha kuchagua ni hiki: je, programu inakuruhusu kuusukuma mchoro kwa kidole mpaka mstari wa milima iliyochorwa ulale juu ya mstari wa milima unayoiona?

Jambo jingine ambalo watu hulijua wameshalipa: simu nyingi za bei ya chini hazina dira kabisa. Zina GPS, zina kihisi cha kujua zimeinamaje, lakini kihisi cha sumaku hakimo. Kwenye simu kama hiyo majina hayatafuata kamera. Itakubidi ugeuze mchoro wewe mwenyewe. Jaribu kwanza programu yoyote ya bure ya dira. Sindano isipogeuka unapogeuka, umepata jibu.

PeakFinder mkono wa kulia, PeakVisor mkono wa kushoto

PeakFinder ni ya watu wa mistari. Inakuchorea mandhari yote ya kukuzunguka kwa mistari myembamba, kama mchoro wa kalamu, na majina yamesimama juu ya vilele. Hakuna mapambo. Inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwenye milima ndilo linalotenganisha programu na picha nzuri ya dukani. Inalipiwa mara moja, si kila mwezi. Inaonyesha njia ya jua na ya mwezi angani, kwa hiyo mpiga picha anaweza kujua jua litachomoza nyuma ya kilele kipi. Mchoro unaweza kuusogeza kwa kidole uendane na upeo. Tena unaweza kuruka kutoka ulipo hadi juu ya kilele kingine na kutazama dunia ikoje kutoka kule, mchezo ambao umeshanipotezea jioni kadhaa nikiwa nimekaa kitini.

PeakVisor ina mwili zaidi. Milima yake imetiwa vivuli na umbo, ina ramani ya pande tatu unayoweza kuizungusha, na ina maelezo ya vilele na njia za kupandia. Uwezo wake ninaoupenda ni kuchukua picha uliyopiga zamani na kukuwekea majina juu yake, mradi picha hiyo imehifadhi mahali na upande ilikopigwa. Gharama yake ni ya namna mbili. Sehemu ya bure ina mipaka, na iliyobaki ni ya kulipia kwa kipindi, maana yake ukiacha kulipa inafungwa. Halafu ramani za eneo unalokwenda ni lazima uzipakue mapema ungali na mtandao; asiyefanya hivyo atafika juu na kukuta milima mbele yake lakini haimo simuni.

Nikilazimishwa kuchagua moja ya kubaki simuni, ni PeakFinder. Mistari mitupu inarahisisha kulinganisha: unaona jino, tandiko, bega, unatafuta jino, tandiko na bega hilohilo kwenye upeo. Mchoro wenye vivuli vingi unapendeza zaidi na unasaidia kuelewa mlima upi uko mbele ya upi, ila unapoulaza juu ya picha ya kamera jicho hukosa pa kushika. Anayepanga safari za kupanda, mwenye kutaka njia na ramani mahali pamoja, ataona mambo kinyume na mimi, na hatakuwa amekosea.

Kuna chotara pia. PeakLens, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Politecnico di Milano nchini Italia kwa ajili ya simu za Android, huchora mandhari kama ukoo wa kwanza, halafu hutazama picha ya kamera kama ukoo wa pili, ikatafuta mstari ambapo milima inakutana na mbingu, na kuyavuta majina yenyewe mpaka yaingie mahali pake. Yaani inafanya kwa jicho la kompyuta kile ambacho mimi nakifanya kwa kidole. Ni wazo zuri kuliko yote katika uwanja huu. Udhaifu wake uko palepale penye nguvu yake: ukungu au wingu likiukata mstari huo, hakuna cha kushika.

Namna ya kuihakiki

Kilele kimoja kikilingana hakikuthibitishii lolote. Katika safu yenye meno ishirini, jino moja litalingana na jino jingine kwa bahati tu. Tafuta viwili vilivyo mbali, kimoja kushoto sana na kingine kulia sana, viwe na sura zisizofanana. Vyote viwili vikikaa sawasawa na mchoro, vya katikati unaweza kuviamini. Kimoja kikikaa na kingine kikakataa, usisukume zaidi. Huenda kamera imekuza picha wakati mchoro haujakuzwa, au GPS bado inadhani uko kule ulikotoka.

Usiamini pia jicho lako linapokuambia ule ndio mrefu kuliko yote. Watu wanaopanda Kala Patthar huko Nepal ili waione Everest yenye mita 8,849 hukuta Nuptse, yenye mita 7,861, imejitanua mbele kana kwamba ndiyo mfalme, kwa sababu iko karibu zaidi. Everest inachungulia nyuma. Bila majina juu ya picha, wengi wangepiga picha mlima usio wenyewe. Hapa hesabu ya programu inalishinda jicho, na kwa sababu hiyo tu inastahili nafasi kwenye simu.

Umbali, na mgongo wa dunia

Swali jingine linalofaa kabla ya kuamini jina la mbali: je, mlima ule unaweza kuonekana kutoka hapa? Kanuni ya kukadiria ni nyepesi. Chukua kimo cha macho yako kwa mita juu ya usawa wa bahari, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, hizo ndizo kilomita za kufikia upeo. Aliyesimama ufukweni anaona hadi kilomita 5 hivi. Aliye kwenye mita 1,000 anafika kilomita 113. Hewa hupinda mwanga kidogo kuufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo ongeza takriban asilimia 8. Mlima wa mbali nao una upeo wake. Jumlisha vipimo viwili hivyo ndipo upate umbali wa mwisho ambao ncha yake inaweza kuchomoza.

Umbali huo unaweza kuwa mkubwa ajabu. Mwaka 2016 ilipigwa picha kutoka kilele cha Finestrelles katika milima ya Pirenei ikionyesha Pic Gaspard iliyomo katika Alpi, kilomita 443 mbali, ikiwa kivuli cheusi mbele ya jua linalochomoza. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa bahati. Mtu hupiga hesabu kwanza, kwa takwimu zilezile za mwinuko, kisha akaenda kusubiri asubuhi yenye hewa isiyo na vumbi.

Kwetu sisi wa kawaida hewa ndiyo mpaka. Programu haijui kama kuna ukungu, moshi au vumbi. Wala haijui msitu ulio mbele yako na jengo la ghorofa kumi lililojengwa mwaka jana. Itakuambia kwa uhakika kuwa kuna kilele pale, na pale kuna ukuta.

Ukigeukia mjini

Kwa majengo, Google Lens na kile kipengele cha iPhone hufanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna mengi ya kulinganisha: mwenye iPhone atumie kilichomo kwenye picha zake, wengine watumie Lens, wote wawe na intaneti. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa. Programu hizi huleta kinachofanana zaidi, na kufanana si kuwa. Mnara wa Eiffel wenye mita 330 una nakala yake ya karibu nusu ya kimo mjini Las Vegas, na Tokyo Tower ulijengwa kwa umbo la kuufanania. Kwa mnara maarufu utalikamata kosa mwenyewe. Kwa mnara wa kengele wa mji mdogo usioujua, hutalikamata. Jengo la mbali lililovutwa kwa kukuza picha mpaka likawa vidoa vya rangi halitambuliki kwa uhakika na programu yoyote ya aina hii. Sogea, au tumia ramani.

Mlima ukiupitisha kwenye Lens utapata jibu zuri kama ni Matterhorn kutoka upande wa Zermatt, maana sura hiyo dunia nzima inaijua. Mlima usio na umaarufu utapewa jina la ndugu yake maarufu anayefanana naye. Hali ni hiyohiyo kwa programu za mazungumzo za akili mnemba unapozipelekea picha: zinaeleza kwa ufasaha, zinataja urefu na historia, na huenda mlima wenyewe si huo. Ninazitumia kupata majina ya kwenda kuyahakiki ramanini, basi.

Live View ya Google Maps, iliyotangazwa mwaka 2019, ni mnyama wa mitaani: hulinganisha unachokiona na picha za barabarani zilizokwisha kupigwa, ikajua umeelekea wapi kwa usahihi ambao dira haiufikii. Penye picha hizo ni nzuri sana kwa kujua ugeukie wapi. Pasipo nazo, yaani karibu milima yote, haina msaada.

Na kumbuka kwamba Lens na zile programu za mazungumzo hutuma picha yako kwenye kompyuta za wengine. Kama pichani kuna nyuso za watu, fikiri kabla ya kubonyeza.

Njia ya polepole

Organic Maps na OsmAnd hazikupi majina yanayoelea mbele ya kamera ukaishia hapo kama tulivyozoea. Ni ramani zilizojengwa juu ya OpenStreetMap, unapakua eneo lako mapema, na zinafanya kazi bila mtandao. Unajiona ulipo, unaona vilele na majina yake, unafuata kwa macho mstari kutoka ulipo kuelekea unakotazama. Inachukua dakika badala ya sekunde. Faida yake ni kwamba unajua kwa nini ule ni mlima fulani: uko nyuma ya mto, kushoto kwa ziwa, kontua zake, yaani mistari ya mwinuko, zimebanana upande wa kaskazini, na ukuta unaouona ni huo. Mara nyingi nakuta nimekumbuka mlima nilioutafuta hivyo, na nimeusahau niliotajiwa na kamera.

Ramani ya karatasi na dira ya mkononi zinafanya kazi ileile bila betri. Hilo si jambo dogo: GPS, kamera na skrini yenye mwanga wote vikiwaka pamoja vinakula chaji haraka, na betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi. Juu mlimani weka simu ndani ya nguo, karibu na mwili, itoe unapoihitaji. Kama simu hiyohiyo ndiyo ya kupigia ukipata shida, usiimalize kwa kutaja vilele.

Google Earth ina kazi yake ya pekee: picha za zamani. Kwa picha ya albamu isiyo na taarifa yoyote, keti mezani, nenda mahali unapodhani ilipigwa, shuka hadi karibu na ardhi, inamisha mandhari mpaka milima isimame, kisha linganisha. Nimewahi kuhangaika saa mbili kwa picha moja, na hakuna programu ya kuelekeza kamera ambayo ingenisaidia.

Kuhusu picha, kuna mtego unaowakamata wengi. Rafiki anakutumia picha ya mlima kwa WhatsApp akitaka umtambulishie. Picha ikitumwa kama picha, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa njiani, kwa hiyo PeakVisor haina pa kuanzia. Mwambie aitume kama hati, nayo itafika na taarifa zake, mradi kamera yake ilikuwa imeruhusiwa kuzihifadhi.

Mimi ningechagua hivi

Mtembeaji wa kawaida anayetaka majina ya milima: PeakFinder, pamoja na Organic Maps ya eneo hilo iliyopakuliwa usiku wa kabla ya safari. Mpandaji anayepanga njia na kupenda kuitazama milima kwa umbo lake: PeakVisor, akikubali kulipa kila kipindi. Mwenye simu isiyo na dira asilipie chochote kwanza. PeakFinder ina tovuti inayochora mandhari ya mahali popote utakapopachagua, anaweza kuitumia akiwa bado na mtandao, akapiga picha ya skrini na kwenda nayo. Mtalii wa mjini hahitaji kupakua kitu kipya.

Yoyote utakayoichagua, ijaribu kwanza mahali ambapo jibu unalijua. Toa simu kwenye kava, ielekeze kwenye kilima au mnara unaouona kila siku, uone jina limekaa wapi. Likiwa limesogea, sukuma mchoro mpaka ukae, na uangalie umeusukuma kiasi gani. Kisha rudisha kava, urudie.